Sauti ya Mtumwa Darasani

Tarehe 11 Juni 1949, katika mji wa Baltimore nchini Marekani, mzee mmoja mweusi aliketi mbele ya mashini ya kunasa sauti. Jina lake Fountain Hughes. Mwenyewe alisema kwamba ana umri wa miaka 101, na kwamba babu yake alikuwa mtumwa wa Thomas Jefferson, yule rais wa tatu wa Marekani aliyeandika tangazo la uhuru wa nchi ile. Aliyekuja kumwuliza maswali alitaka habari za utumwa. Lakini mzee, kama wazee wote wa dunia, alianza na lile lililomkaa moyoni siku ile. Alianza na madeni. Alisema kwamba yeye hanunui kitu kwa mkopo. Akitaka kitu, hungoja hata apate fedha zake, ndipo akinunue. Nao vijana wa siku hizi, akasema, wamejifunga kwa madeni.

Baadaye tu ndipo akaingia katika habari za zamani. Akaeleza jinsi watu walivyouzwa kama farasi, ng'ombe na nguruwe; jinsi mtumwa asivyoweza kutoka mahali pamoja kwenda pengine pasipo barua ya bwana wake; jinsi watoto wa kiume walivyovaa kanzu kama za wasichana hata wakawa wakubwa, kwa sababu nguo nyingine hazikuwako. Akaeleza na siku za uhuru pia, ambazo vitabu vingi huzipita kwa mstari mmoja: walipofunguliwa hawakuwa na nyumba wala kitu chochote, wakaachwa waende kama kundi la ng'ombe lililofunguliwa zizi. Akasema tena kwamba kama angefikiri atarudishwa utumwani, angeshika bunduki na kuyakomesha yote papo hapo, kwani mtumwa si kitu ila mbwa.

Sauti hiyo yatunzwa hata leo katika Maktaba ya Bunge la Marekani, pamoja na sauti za watu wengine zaidi ya ishirini waliozaliwa utumwani. Kila mtu aweza kuisikiliza bila malipo. Nasi mwaka jana tuliisikiliza pamoja na wanafunzi wetu wa madarasa ya juu, kwa simu moja na kipaza sauti kidogo tulichoazima kwa kinyozi wa jirani.

Twataka kuwaeleza wasomaji wetu, wazazi na wanafunzi na hasa walimu wenzetu, mambo tuliyojifunza katika kazi hiyo ya kufundisha historia ya watu weusi kwa sauti na kwa filamu za kweli. Tutasema na makosa yetu, maana tulianza vibaya.

Mara ya kwanza tulidhani kwamba filamu itafundisha yenyewe. Tukaazima mashini ya kuonyesha picha ukutani, tukafunga madirisha kwa mablanketi, tukawaketisha wanafunzi zaidi ya hamsini, tukawaonyesha saa nzima ya mambo ya Marekani weusi walipodai haki zao. Walicheka mavazi, wakastaajabia magari, na nusu yao walisinzia kwa joto. Kesho yake tuliwapa karatasi waandike waliyoyaona. Kijana mmoja aliandika vizuri sana, ukurasa mzima, juu ya taa za nyuma za magari ya mwaka 1955. Hatukumwadhibu. Yeye aliangalia alichoweza kukiangalia, kwa kuwa hakuna mtu aliyemwambia atafute nini.

Hapo tukakumbuka habari za Carter G. Woodson, ambaye Wamarekani humwita baba wa historia ya watu weusi. Woodson alizaliwa mwaka 1875 katika jimbo la Virginia, na wazazi wake walikuwa wametoka utumwani. Umaskini ulimzuia kusoma, hata akaenda kufanya kazi katika machimbo ya makaa ya mawe huko West Virginia (wasomaji wetu wa Katanga wataelewa maana yake). Kule machimboni palikuwa na mchimbaji mmoja mweusi, Oliver Jones, aliyekuwa askari katika vita vya kukomesha utumwa. Jones hakujua kusoma, lakini alinunua vitabu na magazeti, na jioni wachimbaji wenzake walikusanyika nyumbani mwake. Kijana Woodson akawa msomaji wao. Yeye aliwasomea magazeti, nao wakamsimulia vita, utumwa, na safari zao. Ndivyo alivyopata historia, kwa masikio, kabla hajaipata katika kitabu chochote. Alikuwa na umri wa miaka 20 hivi alipoingia shule ya sekondari. Mwaka 1912 alipata shahada ya udaktari katika Harvard, mtu mweusi wa pili kuipata huko baada ya W. E. B. Du Bois.

Woodson aliona kwamba vitabu vya shule vya Marekani vilimwonyesha mtoto mweusi kana kwamba watu wake hawakufanya neno lolote duniani ila kubeba mizigo. Mwaka 1915 alianzisha chama cha kuchunguza maisha na historia ya watu weusi, mwaka uliofuata akaanzisha jarida, na mwaka 1926 akaanzisha juma moja la historia hiyo katika mwezi wa Februari, lenye siku za kukumbuka kuzaliwa kwa Abraham Lincoln na Frederick Douglass. Mwaka 1976 juma hilo liligeuka kuwa mwezi mzima. Lakini jambo linalotugusa sisi walimu ni la mwaka 1937: alianzisha jarida jingine, jepesi, kwa ajili ya walimu na watoto wa shule. Daktari wa Harvard hakuona haya kuandikia madarasa ya chini. Alijua kwamba mwalimu asiye na kitu mkononi atarudi kwenye kitabu kilekile cha zamani.

Hapa tungependa kuongeza neno moja, maana linatuhusu Wakongo. Kabla ya Woodson alikuwako George Washington Williams, mtu mweusi wa Marekani aliyekuwa askari tangu ujana wake, kisha mchungaji wa Kiprotestanti, kisha mwandishi wa kitabu kikubwa cha historia ya watu weusi wa nchi yake. Mwaka 1890 mtu huyo alifika kwetu. Alipanda mto Kongo hata Stanley Falls, ndipo Kisangani ya leo, na kutoka hapo, tarehe 18 Julai, akamwandikia Mfalme Leopold II barua ya wazi ya kushitaki maovu aliyoyaona. Alifariki mwaka uliofuata huko Blackpool, Uingereza, kabla ya kurudi kwao. Wanafunzi wetu waliposikia jina la Kisangani walinyanyua vichwa. Mpaka hapo walidhani kwamba habari za weusi wa Marekani ni za watu wengine.

Sasa turudi kwenye sauti, kwa sababu ndiyo iliyo rahisi kupatikana na ndiyo iliyotufaa zaidi. Filamu yadai umeme mwingi, giza, na ukuta mweupe. Sauti yadai simu na utulivu.

Kati ya mwaka 1936 na 1938 serikali ya Marekani ilituma waandishi kuwatafuta wazee waliokuwa watumwa. Wakaandika masimulizi zaidi ya 2,300. Ni hazina kubwa, lakini yatupasa kuisoma kwa uangalifu. Wengi wa waandishi hao walikuwa wazungu, tena katika nchi ambayo mtu mweusi aliweza kuuawa kwa neno moja. Ulikuwa wakati wa njaa. Wazee wengine walifikiri kwamba mtu wa serikali amekuja kuwapatia pensheni, basi wakasema maneno ya kumpendeza. Na mwandishi aliandika matamshi ya mzee kama alivyoyasikia yeye, pengine akayapotosha hata mzee akaonekana mjinga. Katika sauti iliyonaswa, mwandishi huyo wa katikati hayupo. Mzee anapokohoa, twasikia. Anaponyamaza kabla ya kujibu, twasikia hata kimya chake. Na swali la mwulizaji pia limo, kwa hiyo mwanafunzi aweza kupima kama swali lenyewe lilimsukuma mzee upande mmoja.

Kazi yetu tuliifanya hivi. Kwanza tuliwapa wanafunzi jina la mzee, mahali, na mwaka. Tukawaambia wahesabu alikuwa na umri gani vita vya Marekani vilipokwisha mwaka 1865, ikiwa alivyosema juu ya miaka yake ni sawa. Wakapata 17. Tukauliza: kijana wa miaka 17 akumbuka nini baada ya miaka 84? Wengine walisema atasahau yote. Msichana mmoja alisema bibi yake husahau alichokula asubuhi lakini akumbuka jina la mbuzi wa utoto wake. Ndipo tukafungua sauti, dakika tatu tu. Kiingereza cha mzee ni kigumu, wala hatukujidai kwamba tunakielewa chote kwa kusikia. Tuliwasomea kwa Kiswahili tuliyokwisha kuyatafsiri, kisha tukarudia dakika zilezile tatu. Mara ya pili hakuna aliyecheza na kalamu. Sauti ya mzee ni ya upole. Hakupiga kelele hata aliposema habari za kuuzwa. Mwanafunzi mmoja aliuliza: «Mwalimu, mbona hana hasira?» Hatukujibu. Tulimwambia asikilize tena, naye alipofika kwenye maneno ya bunduki na mbwa akainua mkono, akasema kwamba hasira ipo, ila imekaa chini.

Swali la namna hiyo, tulikuwa hatujalipata katika miaka yetu yote ya kufundisha sura ya utumwa kwa ubao na chaki.

Juu ya filamu, tumejifunza kuchagua. Iliyo kubwa kuliko zote katika habari hizi ni Eyes on the Prize, kazi ya Henry Hampton. Huyu alizaliwa St. Louis mwaka 1940, akapatwa na polio akiwa kijana, akachechemea maisha yake yote. Mwaka 1965 alikuwako Selma, katika Alabama, watu weusi walipoandamana kudai haki ya kupiga kura. Mwaka 1968 alianzisha kampuni yake ya filamu, Blackside, mjini Boston. Sehemu sita za kwanza zilionyeshwa katika televisheni mwaka 1987, zikieleza mambo ya mwaka 1954 hata 1965. Sehemu nane nyingine zilifuata mwaka 1990. Hampton aliwaweka watayarishaji weusi na weupe wafanye kazi pamoja, akawapeleka kwanza darasani, wafundishwe na wataalamu na watu waliokuwako katika mambo yale. Na katika filamu yenyewe hasemi profesa wa kueleza mambo kutoka mbali. Wasema wale waliokuwapo: waandamanaji, wazazi, watoto wa wakati ule, na hata wazungu waliowapinga. Msimulizi ni Julian Bond, ambaye naye alikuwa kijana wa mapambano yale.

Katika sehemu ya nne yapo mambo ya Birmingham, Alabama, mwezi wa Mei 1963. Wanafunzi wa shule, wengine wadogo kabisa, walitoka katika kanisa la mtaa wa 16 wakiimba, wakaandamana dhidi ya sheria za kuwatenga weusi. Mamia wakafungwa. Kesho yake mkuu wa polisi, Bull Connor, akaamuru wapigwe kwa mipira ya maji ya wazima-moto, na mbwa wakaachiliwa. Hatuonyeshi zaidi ya dakika kumi. Mara ya kwanza twaonyesha bila sauti, wanafunzi waandike wanachokiona kwa macho: nani yupo, ana umri gani, ameshika nini. Mara ya pili twafungua sauti. Tofauti yashangaza. Bila sauti, watoto wanaonekana kama watu wanaokimbia tu. Sauti ikifunguliwa, yasikika kwamba walikuwa wakiimba.

Yapo mambo ambayo hatuyaonyeshi bila kuonya kwanza. Katika sehemu ya kwanza imo habari ya Emmett Till, kijana wa miaka 14 kutoka Chicago, aliyeuawa Mississippi mwezi wa Agosti 1955 kwa kusingiziwa kwamba alimkosea adabu mwanamke mzungu. Mama yake, Mamie Till, aliamuru jeneza la mwanawe liachwe wazi, dunia ione aliyotendewa. Picha hiyo ni ya kutisha. Walimu wengine hudhani kwamba kuwaficha watoto ni kuwapenda. Wengine huwatupia picha ghafula ili wawalize. Namna zote mbili hatuzikubali. Mama yule alichagua mwenyewe, akijua sababu. Basi twawaeleza kwanza wanafunzi neno la mama, na asiyetaka kutazama aruhusiwa kuinamisha kichwa, wala hachekwi na mtu. Kwa madarasa ya chini twaeleza kwa maneno tu.

Tena filamu yaweza kudanganya, hata iliyo na nia njema. Mwaka 2005 filamu fupi juu ya watoto walewale wa Birmingham, Mighty Times: The Children's March, ilipata tuzo ya Oscar, nayo iligawiwa bure kwa shule za Marekani. Lakini baadhi ya picha zake ziliigizwa upya na watu wa siku hizi, zikapigwa zifanane na picha za kale, kisha zikachanganywa na zile za kweli. Watengenezaji wengine wa filamu wakalalamika, nasi twaona walikuwa na haki. Mtoto ataaminije, akiambiwa baadaye kwamba sehemu ya ushahidi aliolia machozi kwa ajili yake ilitengenezwa? Wazee wetu wa Kasai wakumbuka sinema za Matamata na Pilipili, alizozitengeneza Padri Albert Van Haelst huko Luluabourg, ambayo leo ni Kananga, katika miaka ya 1950. Watu walicheka hata mbavu zikauma, na waigizaji walikuwa Wakongo. Lakini aliyeshika kamera, aliyechagua nani awe mjinga na nani awe mwerevu, hakuwa Mkongo. Kwa hiyo swali la kwanza tunalowafundisha wanafunzi wetu kuuliza mbele ya filamu yoyote ni hili: nani ameshika kamera?

Msidhani, wasomaji wapendwa, kwamba mashahidi hawa wako salama daima. Filamu ya Hampton yenyewe ilinyamazishwa kwa miaka mingi, na aliyeinyamazisha hakuwa adui. Ndani yake zimo picha za watu wengi, na nyimbo, na kila moja ina mwenyewe. Kampuni ililipia haki za kuzitumia kwa miaka fulani tu. Haki hizo zilipokwisha katika miaka ya 1990, filamu haikuweza kuonyeshwa tena katika televisheni wala kuuzwa upya, na shule zikabaki na kanda za zamani zilizochakaa. Hampton alifariki mwaka 1998 hali mambo yako hivyo. Fedha zilipatikana baadaye, ikaonyeshwa tena mwaka 2006. Mazungumzo yake yote na mashahidi, marefu kuliko yaliyomo katika filamu, yametunzwa katika chuo kikuu cha Washington mjini St. Louis.

Wengine huzuia makusudi. Mwezi wa Januari 2023 jimbo la Florida lilikataa somo jipya la mambo ya Wamarekani weusi, lililokuwa likijaribiwa katika shule za sekondari zipatazo 60 tangu mwaka 2022. Wako wazazi wasemao kwamba historia hii yawatia watoto wao aibu. Hatuwadhihaki, mzazi humlinda mtoto. Lakini sisi Wakatoliki tunao ukurasa wetu wenyewe katika kitabu hicho. Mwaka 1838 Wajesuiti wa Maryland waliuza watumwa 272, wanaume, wanawake na watoto, na sehemu ya fedha ililipa madeni ya chuo cha Georgetown. Mwaka 2017 Wajesuiti na chuo hicho walisimama mbele ya wajukuu wa waliouzwa, wakaomba msamaha. Tuliwasomea wanafunzi habari hiyo kwa sauti iliyo sawa na ile tuliyosomea habari nyingine. Walinyamaza kidogo, kisha wakauliza majina ya waliouzwa, na kama yanajulikana. Yanajulikana, kwa sababu yaliandikwa katika karatasi za mauzo.

Walimu wengi hutuambia: ninyi mna bahati, sisi hatuna umeme. Twajibu kwamba nasi umeme wetu wakatika kila siku, ndiyo maana sauti yatufaa. Mwalimu aweza kuichukua mjini mara moja, akaiweka katika simu, akaisikilizisha kijijini muda wa mwaka. Kazi ngumu ni ile ya usiku, ya kuketi na daftari, kusikiliza na kurudia, kutafsiri kila neno ili asiwasomee watoto maneno ambayo mzee hakuyasema. Sisi dakika tatu zilitugharimu jioni nne.

Mwisho wa somo lile la Fountain Hughes mvulana mmoja wa nyuma, asiyezoea kusema, alibaki darasani wenzake walipotoka. Tulidhani atauliza juu ya utumwa. Aliomba tumwandikie katika daftari, kwa Kiswahili, yale maneno ya mwanzo, ya kutonunua kwa mkopo. Alisema atamsomea baba yake jioni, maana mwenye duka amekuja nyumbani kwao mara tatu juma lile. Tukamwandikia, tukaongeza chini yake jina la mzee na tarehe.